Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame? Mwili wa Mhudumu katika Chumba cha Upasuaji

Utangulizi

Eldoret, mji uliopandishwa hadhi ukawa jiji mwezi wa Agosti mwaka 2024, unajulikana ulimwenguni kwa miguu ya wanariadha wake. Katika uwanda huu ulioinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kambi za mazoezi za Iten na Kaptagat zilizo karibu, mwili wa mwanariadha hutunzwa mithili ya mboni ya jicho. Viatu vyake huchaguliwa kulingana na nyayo zake. Ana siku ya kukimbia kwa kasi, siku ya kukimbia polepole na siku ya kupumzika, wala hakuna amwitaye mvivu anapojinyosha au anapokandwa misuli. Kila mtu anaelewa kwamba mwili ndio chombo chake cha kazi, na chombo kisichotunzwa huharibika.

Katika jiji hilo hilo wapo watu wengine ambao nao hutegemea miguu, mgongo, shingo na mikono yao ili kutenda kazi, na ambao kazi yao inagusa uhai wa wenzao moja kwa moja. Hawa ni wahudumu wa vyumba vya upasuaji: madaktari wapasuaji, wauguzi, wataalamu wa nusukaputi, wasukuma machela na wasafishaji wa vifaa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo na kutambuliwa kisheria kuwa hospitali ya rufaa ya kitaifa mwaka 1998, huwapokea wagonjwa kutoka magharibi ya Kenya na kaskazini mwa Bonde la Ufa, na hata kutoka mashariki ya Uganda na Sudan Kusini. Kando yake kuna hospitali nyingine kadhaa, za umma na za watu binafsi. Kwa hiyo usiku na mchana, mahali fulani katika Eldoret, kuna mtu aliyeinama juu ya mwili wa mwenzake akiwa na kisu, sindano au uzi mkononi.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hiyo inasifu unyenyekevu na juhudi, na hakuna ubishi kwamba ina hekima. Hata hivyo, ipo taaluma inayoitazama hali hiyo hiyo kwa jicho jingine. Taaluma hiyo haimsifu anayeinama wala haimlaumu. Inauliza: ni nani aliyekiweka kitu hicho mvunguni, na je, hakiwezi kuwekwa mezani? Makala haya yanaieleza taaluma hiyo, yanaonyesha jinsi inavyohusu chumba cha upasuaji, na yanahoji mchango ambao lugha ya Kiswahili inaweza kuutoa katika kuilinda miili ya watu wanaoilinda miili yetu.

Maana na asili ya egonomia

Taaluma inayozungumziwa hapa huitwa egonomia. Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki: ergon, yaani kazi, na nomos, yaani kanuni au sheria. Mtu wa kwanza kuliunda anatambuliwa kuwa mwanasayansi wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, katika maandishi yake ya mwaka 1857. Neno hilo halikuenea wakati huo. Liliibuka tena nchini Uingereza mwaka 1949, pale Hywel Murrell na wenzake walipokuwa wakitafuta jina la taaluma iliyokuwa imekua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambapo ilibainika kwamba askari hodari anaweza kushindwa na chombo kilichoundwa bila kumfikiria mtumiaji.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko jina lake. Mwaka 1700, tabibu wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Aligundua kwamba baadhi ya maradhi hayatokani na vumbi au sumu, bali hutokana na namna mtu anavyosimama, anavyoketi na anavyorudiarudia kitendo kimoja siku nzima. Waandishi wa ofisini, washonaji na wasukaji wa nguo walikuwa miongoni mwa watu aliowachunguza.

Kiini cha egonomia ni rahisi kukieleza: kazi ilinganishwe na mwili wa mfanyakazi, badala ya mwili kulazimishwa kulingana na kazi. Mkulima wa Uasin Gishu anayekata mpini wa jembe kulingana na kimo chake anatumia kanuni hii, ijapokuwa hajawahi kulisikia jina lake. Fundi seremala anayeinua meza yake ya kazi kwa vipande vya mbao ili asiinamie randa kutwa nzima anaitumia pia. Ajabu ni kwamba katika baadhi ya kazi zinazohitaji elimu ya juu kabisa, kanuni hiyo husahauliwa.

Miili katika chumba cha upasuaji

Ili kuelewa tatizo, ni muhimu kukitazama chumba cha upasuaji, au thieta kama kinavyoitwa na Wakenya wengi, kama mahali pa kazi. Kwa kawaida fikra zetu huenda kwa mgonjwa aliyelala chini ya taa, na ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, kuizunguka meza ile kuna miili mingine mitano au zaidi, na kila mmoja una mzigo wake.

Wa kwanza ni mpasuaji. Mzigo wake mkubwa ni kichwa chake mwenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikiwa kimenyooka juu ya mabega, uzito huo huteremka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo na mwili huubeba bila taabu. Kinapoinamishwa mbele, mambo hubadilika. Mwaka 2014, Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo mjini New York, alichapisha makadirio yanayoonyesha kwamba shingo inapoinama kwa nyuzi 30, mzigo unaoikabili hufikia takriban kilo 18, na kwa nyuzi 60 hufikia takriban kilo 27. Sababu ni ile ile inayojulikana na kila anayechota maji: ndoo iliyoshikwa karibu na kifua ni nyepesi, na ndoo hiyo hiyo iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa ni nzito mno. Mpasuaji anayeinamia tumbo la mgonjwa kwa saa tatu huwa ameishikilia ndoo hiyo kwa misuli ya shingo, na hana ruhusa ya kuitua.

Wa pili ni muuguzi anayempokeza mpasuaji vifaa. Huyu husimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, akijipinda kiuno kila mara kutoka kwenye meza ya vifaa hadi kwenye mkono wa mpasuaji. Kusimama bila kutembea kuna madhara yake. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu hukaza na kulegea, na kwa kufanya hivyo huisukuma damu irudi juu kwenye moyo. Anaposimama tuli, pampu hiyo hulala. Damu hutuama miguuni, miguu huvimba, na baada ya miaka mishipa huweza kutuna na kuuma. Ndiyo sababu mtu aweza kutembea kilomita kumi asichoke kama aliyesimama palepale kwa saa nne.

Wa tatu ni msaidizi, ambaye katika hospitali za mafunzo aghalabu ni daktari mwanagenzi au mwanafunzi wa udaktari. Kazi yake mara nyingi ni kushika chuma kinachoushikilia mkato uwe wazi ili mpasuaji aone ndani. Hushika akiwa amenyoosha mkono, amepinda kiwiliwili ili asimzuie mkubwa wake, na ameambiwa asitikisike. Misuli inayokazwa bila kulegezwa hubanwa na kukosa damu ya kutosha, hivyo huanza kutetemeka. Msaidizi hujifunza kuuficha mtetemo huo mapema sana katika maisha yake ya kazi, hata kabla hajajifunza mambo mengine mengi.

Wa nne ni mtaalamu wa nusukaputi. Huyu huonekana kama mwenye nafuu kwa sababu anaweza kuketi. Hata hivyo, ndiye anayeinama kichwani pa mgonjwa ili kumpitishia mpira wa kupumulia, ndiye anayeishikilia taya ya mgonjwa kwa vidole, na ndiye anayegeuza shingo mara mamia kati ya mgonjwa na mitambo iliyo nyuma yake. Mitambo ikiwekwa mahali pabaya, shingo ndiyo inayolipa.

Wa tano ni mhudumu wa machela, na huyu ndiye asiyezungumziwa. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kujisaidia hata kidogo. Huhamishwa kutoka machela hadi mezani, na baadaye kutoka mezani hadi machela. Mgonjwa wa kilo 80 akiinuliwa na watu wanne kwa mkupuo, kila mmoja hubeba kilo 20, tena akiwa ameinama na kunyoosha mikono mbele, yaani katika mkao mbaya sana kwa pingili za kiunoni. Wakiwa wawili, kila mmoja hubeba kilo 40. Katika wodi ambazo waliovunjika mifupa katika ajali za bodaboda hujaa, kitendo hicho hurudiwa mara nyingi kila siku. Kidole kimoja hakivunji chawa, nao migongo miwili haimhamishi mgonjwa bila kuumia.

Mizigo mingine huletwa na maendeleo yenyewe. Katika upasuaji wa mifupa, ambapo picha za eksirei hupigwa kazi ikiendelea, wahudumu huvaa aproni za risasi ili kujikinga na mionzi. Aproni hizo huweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa, na huning'inia mabegani muda wote. Katika upasuaji wa matundu madogo, mgonjwa hunufaika kwa kuwa kidonda chake ni kidogo na hupona haraka. Mpasuaji, kwa upande wake, hushika vyuma virefu, hunyanyua viwiko, na kutazama kioo cha kompyuta ambacho pengine kimewekwa kando, mikono ikielekea huku na macho kule. Isitoshe, mishikio mingi ya vyuma hivyo hutengenezwa kwa ukubwa mmoja. Mwenye kiganja kidogo, na wanawake wengi wamo katika kundi hili, hulazimika kutumia nguvu zaidi na kuvitanua vidole kupita kiasi ili afanye kazi ile ile.

Bandu bandu huisha gogo

Majeraha yanayotokana na hali hizi yana sifa moja inayoyatofautisha na ajali. Ajali ina saa na tarehe. Maumivu ya mgongo wa mhudumu hayana. Huanza kama uchovu wa jioni unaoondoka asubuhi. Kisha huwa uchovu usioondoka asubuhi. Baadaye huja ganzi ya vidole, maumivu ya bega usiku, na hatimaye siku moja mtu huinama kuchukua kitu chepesi sakafuni akashindwa kuinuka. Watu husema kitu kile chepesi ndicho kilichomuumiza. Ukweli ni kwamba bandu bandu huisha gogo.

Hali hii haipatikani Afrika Mashariki peke yake. Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2018 nchini Marekani, uliokusanya matokeo ya tafiti 21 zilizowahusu madaktari zaidi ya 5,000 wa upasuaji na wa taratibu zinazokaribiana nao, uliona kwamba takriban 17 kati ya kila 100 walikuwa na uharibifu wa pingili za shingo, na 19 kati ya kila 100 walikuwa na uharibifu wa pingili za kiuno. Miongoni mwa walioumia, 12 kati ya kila 100 walilazimika kuchukua likizo, kupunguza kazi au kustaafu mapema. Hao ni madaktari wa nchi zenye vifaa vingi na wafanyakazi wengi.

Katika nchi zetu, uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Mwaka 2015, tume ya kimataifa iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilipendekeza kwamba kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, nusukaputi na uzazi kwa kila watu 100,000. Kenya, kama majirani zake, iko chini kabisa ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba mpasuaji mmoja akiumia mgongo, hakuna mwingine aliyeketi akisubiri kuishika nafasi yake. Foleni ya wagonjwa hurefuka. Muuguzi mmoja mwenye uzoefu wa miaka ishirini akiomba kuhamishiwa ofisini kwa sababu magoti hayamudu tena, chumba cha upasuaji hupoteza maarifa ambayo hayanunuliki. Fauka ya hayo, mkono uliochoka hutetemeka, na jicho la mtu mwenye maumivu huhama kutoka kwenye kazi. Basi mgongo wa mhudumu na usalama wa mgonjwa ni mambo yanayokwenda pamoja.

Lugha ya uvumilivu

Iwapo tatizo ni kubwa kiasi hicho, kwa nini halisemwi? Sehemu ya jibu imo katika lugha. Kiswahili kina msamiati mpana wa kusifu mwili unaoteseka kwa ajili ya kazi. Mwanafunzi huambiwa ajipinde masomoni. Mfanyakazi hodari husemwa kwamba anaiinamia kazi yake au kwamba amejifunga kibwebwe. Mvumilivu hula mbivu. Kwa upande mwingine, anayelalamika huitwa mvivu, legelege au mwana wa mama. Katika msamiati huo, kujipinda ni sifa, ilhali kujinyosha ni dalili ya uzembe.

Neno jingine la kuangaliwa ni kuzoea. Mwanagenzi anaposema kwamba mgongo unamuuma, jibu ambalo hupewa kwa nia njema ni, "Utazoea." Kitenzi hiki kina udanganyifu ndani yake. Akili huzoea maumivu, yaani huacha kuyasikiliza. Pingili za uti wa mgongo hazizoei. Zinapolika, zimelika. Hivyo basi anayedhani kwamba amezoea huwa ameizima kengele huku moto ukiendelea kuwaka.

Kuna pia suala la heshima na cheo. Kimo cha meza ya upasuaji kwa kawaida hupangwa kumfaa mpasuaji mkuu. Msaidizi aliye mfupi kuliko yeye huona vigumu kusema, "Daktari, naomba kigoda." Muuguzi mwenye umri wa makamo huona haya kumwambia kijana aliyesoma zaidi kwamba miguu imekufa ganzi. Mhudumu wa machela hana nafasi kabisa ya kusema. Adabu ni jambo jema, lakini adabu inayomnyima mtu kigoda cha kusimamia inapaswa kufikiriwa upya. Methali ya mganga hajigangi haikukusudiwa kuwa amri.

Sheria inasemaje?

Wengi hudhani kwamba kuomba mazingira yanayoulinda mwili ni kuomba hisani. Sheria za Kenya hazisemi hivyo. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na mazingira ya kazi yanayofaa. Kabla ya hapo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 ilikuwa imetenga kifungu kizima, cha 76, kwa ajili ya egonomia mahali pa kazi. Kwa ufupi, kifungu hicho kinamtaka mwajiri achukue hatua kuhakikisha kwamba sehemu za kufanyia kazi, vifaa na kazi zenyewe zinarekebishwa ili zimfae mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga dhidi ya msongo wa akili. Kinamkataza pia kumtaka au kumruhusu mfanyakazi abebe kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaelekea kumdhuru. Sheria hiyo hiyo inaagiza kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili.

Msomaji aone jinsi kifungu hicho kinavyoigeuza methali iliyotajwa mwanzoni. Methali inamwambia mtafutaji ainame. Sheria inamwambia mwenye nyumba akiondoe kitu mvunguni. Tatizo ni kwamba sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na wengi wanaobeba machela hawajawahi kuisoma. Aidha, mfanyakazi anayetafuta fidia chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 hukabiliwa na ugumu wa kuthibitisha jeraha lisilokuwa na siku ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo, kuyaandika maumivu mapema, yakiwa bado uchovu wa jioni, ni kinga ya kisheria na ya kiafya kwa pamoja.

Mambo yanayowezekana

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Habari njema ni kwamba nyufa nyingi za chumba cha upasuaji huzibika kwa gharama ndogo.

La kwanza ni kimo cha meza. Kwa upasuaji wa kawaida, mahali mikono inapofanyia kazi panafaa kuwa karibu na usawa wa viwiko vya mpasuaji. Kwa upasuaji wa matundu madogo, ambapo vyuma ni virefu, meza hushushwa zaidi ili mishikio ndiyo iwe kwenye usawa wa viwiko. Watu wa vimo tofauti wakishiriki meza moja, meza ipangwe kwa kimo cha aliye mrefu, na wafupi wapewe vigoda vipana visivyoteleza. Kigoda ni kifaa ambacho seremala yeyote wa Eldoret anaweza kukipatia vipimo, na fundi wa vyuma akakitengeneza kwa namna inayosafishika.

La pili ni mahali pa kioo. Kioo cha kompyuta kikae mbele ya mtazamaji, chini kidogo ya usawa wa macho, ili shingo isigeuke wala kuinuka. Pedali ya umeme nayo iwe karibu na mguu, mtu asiitafute kwa unyayo huku amesimama kwa mguu mmoja.

La tatu ni pumziko fupi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2017 uliwashirikisha wapasuaji 66 ambao walisimama kidogo kila baada ya dakika 20 hadi 40, wakajinyosha shingo, mabega na mgongo kwa dakika moja na nusu hadi mbili bila kuvua glavu wala kuondoka mezani. Maumivu yao yalipungua, na upasuaji haukurefuka kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mwanariadha wa Kaptagat hangeshangazwa na matokeo hayo.

La nne ni namna ya kumhamisha mgonjwa. Shuka au ubao wa kutelezeshea humfanya mgonjwa asukumwe badala ya kuinuliwa, na tofauti yake kwa mgongo ni kubwa. Machela ilinganishwe na meza kwa kimo na magurudumu yafungwe kwanza. Idadi ya wahamishaji ikubaliwe kabla, na mmoja wao awe ndiye mwenye kutoa amri.

La tano ni kuliingiza suala hili katika utaratibu uliopo. Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo husomwa kwa sauti kabla ya nusukaputi, kabla ya mkato na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Miongoni mwa miji minane iliyoijaribu duniani, mmoja ulikuwa Ifakara, nchini Tanzania, kwa hivyo Afrika Mashariki imekuwamo katika historia ya orodha hiyo tangu mwanzo. Shirika lenyewe linaruhusu hospitali kuongeza vipengele vinavyozifaa. Swali moja tu lingetosha: "Je, kila mmoja amesimama vizuri?" Swali likiwa kwenye orodha, mwanagenzi haombi tena hisani. Anajibu alichoulizwa.

Nafasi ya Kiswahili

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akauliza mada hii inamhusu vipi. Jibu lake laweza kuanzia kwenye kitendo kimoja kidogo. Watu wanne wamesimama kando ya mgonjwa. Mmoja anahesabu, "Moja, mbili, tatu!" Wawili wanainua kwenye neno tatu. Wawili wengine wanasubiri neno inua, ambalo wanadhani litafuata. Kwa muda mfupi sana, uzito wote unawaangukia wawili wa mwanzo, na mgongo wa mmoja wao unalia. Katika kisa hicho vifaa vilikuwapo na nguvu zilikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano ya lugha. Amri iliyo wazi, iliyokubaliwa na wote na kutamkwa vivyo hivyo kila siku, ni kifaa cha usalama sawa na ubao wa kutelezeshea.

Katika vyumba vya upasuaji vya Kenya, Kiingereza hutumika katika rekodi na katika majina ya vifaa. Hata hivyo, maagizo mengi ya papo kwa papo, hasa yanayowahusisha wahudumu wa machela na wasafishaji, hutolewa kwa Kiswahili. Lugha hii tayari imethibitisha uwezo wake kwa kuwa na maneno kama nusukaputi, ganzi, machela na kipimajoto. Egonomia inahitaji msamiati wake pia. Je, neno egonomia libaki kama mkopo, au uundwe msemo wa kuelezea, mathalani ulinganifu wa kazi na mwili? Mkao wa kazi uitweje ukiwa salama, na uitweje ukiwa wa hatari? Uchovu wa misuli unaoondoka utenganishwe vipi na ule unaodhuru? Haya ni maswali ya isimu na istilahi, nayo majibu yake yaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, mahali ambapo daktari na msukuma machela watayasoma kwa pamoja. Idara za Kiswahili na vyuo vya tiba vimo katika eneo moja. Umbali uliopo kati yao ni wa mazoea tu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maumivu ya mhudumu wa chumba cha upasuaji yana sababu zinazoelezeka: kichwa kilichoinamishwa, miguu iliyotulia, mkono usiolegezwa na mgonjwa aliyeinuliwa na wachache. Kwa kuwa sababu zinaelezeka, zinaondoleka, tena nyingi kwa kigoda, shuka ya kutelezeshea, dakika mbili za kujinyosha na neno linaloeleweka na wote. Sheria ipo. Maarifa yapo. Linalobaki ni kuacha kuyaita mateso ya mwili jina la juhudi.

Mtaka cha mvunguni ataendelea kuinama, maana vitu vingine hukaa mvunguni kwa lazima, na mwili wa mgonjwa una siri ambazo haziwezi kuletwa juu. Lakini kabla ya kumwambia mwanagenzi kwamba atazoea, ni vyema anayesema hivyo aitazame meza kwanza, aone kama haiwezi kuinuliwa.